Mionzi Inayotoroka Kwenye Galaksi za Mbali: Njia Nne za Kuichunguza, na Ipi Uanze Nayo

Mwanafunzi wa fizikia anayetaka kuandika tasnifu kuhusu ujana wa ulimwengu hukutana mapema na swali hili: mionzi ayonisha inayozaliwa na nyota changa ndani ya galaksi, inatokaje nje? Akishalipenda swali hilo, linafuata jingine linaloumiza kichwa zaidi: alichunguze kwa njia gani? Njia ni nne, kila moja ina watu wanaoitetea kwa moyo wote, na kila moja inajibu swali lililo tofauti kidogo na la jirani yake. Hapo ndipo wengi hupotea. Huchukua jibu la njia moja wakalitumia kwenye swali la njia nyingine.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya huyo anayetaka kuchagua: mwenye kompyuta ya mapajani, intaneti ya kuungaunga na hamu kubwa, lakini hana darubini yake mwenyewe. Nitasema wazi ninachokipendelea na sababu zake.

Kwanza, kinachotoroka ni nini

Nyota kubwa zilizo changa ni za joto kali, na sehemu kubwa ya mwanga wao ni urujuanimno. Mwanga wenye urefu wa wimbi mfupi kuliko nanomita 91.2 una nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu ya haidrojeni, kazi inayohitaji elektronivolti 13.6. Ndiyo maana tunauita mionzi ayonisha. Miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, protoni na elektroni zilishikana, na ulimwengu ukajaa haidrojeni tulivu. Kisha kitu fulani kikaja kikazitenganisha tena. Vipimo vya setilaiti ya Planck vilivyotolewa mwaka 2018 vinaweka katikati ya badiliko hilo kwenye umri wa miaka milioni 700 hivi, na ulimwengu ulipotimiza takriban miaka bilioni moja kazi ilikuwa karibu kwisha.

Mshukiwa mkuu ni galaksi ndogo zilizokuwa zikizaa nyota kwa kasi. Ila zina kikwazo chao. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi, na gesi hiyohiyo ndiyo inayoimeza mionzi. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikizaliwa katikati ya wingu zito la haidrojeni haifiki mbali. Kwa hiyo hesabu yote ya enzi ile inategemea namba moja ndogo: kati ya fotoni 100 zinazozaliwa, ngapi huponyoka hadi nje ya galaksi? Nitaiita kiwango cha uvujaji. Kwa miaka mingi wataalamu walisema galaksi za kale zilihitaji kuvujisha kama asilimia 10 hadi 20 ili ziweze kufanya kazi ile peke yake. Galaksi nyingi tulizopima karibu nasi hazifiki huko hata kidogo.

Matundu, au gesi iliyozidiwa

Kabla ya kulinganisha njia za kupima, linganisha njia za kutoroka, kwa sababu uchaguzi wako wa baadaye utategemea unaamini ipi.

Fikiria chumba chenye paa la makuti jua la saa sita. Paa ni zito, lakini penye tundu miali inaingia kama fimbo za mwanga hadi sakafuni. Aliyesimama kwenye mwali anaona jua kali. Aliye hatua mbili pembeni yuko kivulini. Galaksi ya aina hii ina gesi nzito kila upande, isipokuwa pale ambapo nyota zilizolipuka na upepo wa nyota kubwa vimetoboa njia. Mionzi inatoka kupitia matundu hayo tu.

Sasa fikiria ndoo ya mchanga mkavu unayoimiminia maji. Mwanzoni mchanga unakunywa yote. Ukishalowa hadi chini, maji yanayoongezwa hayana pa kukaa, yanamwagika nje. Galaksi ya aina ya pili ina nyota kali nyingi na gesi kidogo mno kuzimudu. Haidrojeni yote iliyokuwepo imeshaayonishwa, na fotoni zinazobaki zinapita pande zote.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwa mpimaji. Katika hali ya kwanza, unachokiona kinategemea umesimama wapi, nasi tumesimama mahali pamoja tu. Galaksi inaweza kuvujisha sana kwa upande mwingine na kwetu ikaonekana imefunga kabisa. Katika hali ya pili, kipimo cha upande mmoja kinakaribia ukweli wa pande zote. Galaksi halisi huwa na mchanganyiko wa hali zote mbili, na kazi nyingi nzuri za miaka ya karibuni ni juhudi za kujua mchanganyiko huo ukoje.

Njia ya kwanza: galaksi za jirani

Mwaka 2007 mradi wa Galaxy Zoo uliwaomba watu wa kawaida wapange picha za galaksi zilizopigwa na Sloan Digital Sky Survey, darubini iliyoko New Mexico. Baadhi yao wakagundua vitu vidogo, mviringo, vya kijani, ambavyo havikufanana na chochote. Wakaviita njegere. Mwaka 2009 Carolin Cardamone na wenzake walichapisha uchambuzi wa kwanza: ni galaksi ndogo zinazozaa nyota kwa kasi isiyo ya kawaida, na ukijani wao unatokana na mstari mmoja mkali, yaani mwanga wa rangi moja mahususi, wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, wa nanomita 500.7. Watu waliokaa mbele ya kompyuta zao nyumbani ndio waliotuonyesha mahali pa kutazama, na kila nikilikumbuka jambo hilo napata nguvu.

Mwaka 2016 Yuri Izotov, mtaalamu wa Kyiv nchini Ukraine, na wenzake wakaielekeza darubini ya anga ya Hubble kwenye galaksi ya aina hii iitwayo J0925+1403. Mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 3.5. Wakakuta inavujisha karibu asilimia 8. Mwaka 2018 wakatangaza nyingine, zikiwemo J1154+2443 yenye asilimia 46, na J1243+4646 yenye asilimia 72. Kabla ya hapo, galaksi ya karibu iliyosifika kwa kuvuja ilikuwa Haro 11, yenye asilimia chache tu. Mruko huo ulibadilisha mazungumzo yote.

Faida ya njia hii ni ukaribu. Unaona mionzi yenyewe, kisha kwa galaksi hiyohiyo unaona vumbi, umri wa nyota, kasi ya gesi, na mistari ya oksijeni, sulfuri na magnesi. Unaweza kuuliza *kwa nini* inavuja, swali ambalo njia nyingine hulijibu kwa kubahatisha. Anga kati yetu na galaksi hizi nayo haimezi karibu chochote cha mionzi hiyo, hivyo kipimo hakina haja ya marekebisho makubwa.

Kizuizi chake ni cha kifizikia na hakina ujanja. Haidrojeni ya Njia Nyeupe yetu inameza karibu urujuanimno wote ulio chini ya nanomita 91.2. Ili mionzi ya galaksi nyingine itufikie, ni lazima upanukaji wa ulimwengu uwe umeivuta ikarefuka kupita mpaka huo. Wanaastronomia hupima mvuto huo kwa namba iitwayo mhamo mwekundu. Kwa J0925+1403 mhamo ni 0.301, hivyo mpaka wa nanomita 91.2 unaonekana kwenye 118.6. Hapo ndipo chombo cha Hubble kiitwacho COS kinapoanza kuona vizuri. Galaksi iliyo karibu zaidi ya hapo ni ngumu sana kuipima kwa Hubble. Isitoshe, angahewa ya dunia inazuia urujuanimno wa namna hii wote, kwa hiyo hakuna darubini ya ardhini itakayokusaidia. Unategemea Hubble, chombo kilichorushwa mwaka 1990.

Pingamizi lingine husemwa mara nyingi, nami nalichukulia kwa uzito: njegere si galaksi za kale. Zimechaguliwa kwa sababu zinafanana nazo kwa udogo, uchache wa metali (elementi nzito kuliko heliamu) na ukali wa mistari. Lakini kufanana si kuwa kitu kilekile, na mazingira ya gesi yanayozizunguka leo si yale ya miaka bilioni 13 iliyopita.

Njia ya pili: kuikamata mionzi yenyewe huko mbali

Nenda hadi mhamo mwekundu wa 3, ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 2 na kidogo. Mpaka wetu wa nanomita 91.2 sasa umevutwa hadi 365, na mwanga huo unapenya angahewa. Darubini kubwa za ardhini zinaingia kazini. Charles Steidel na wenzake walitumia darubini ya Keck kule Hawaii kuchunguza galaksi 124, na mwaka 2018 wakatoa wastani wa uvujaji wa asilimia 9.

Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii: inatoa wastani wa kundi. Kama mionzi inatoka kwa matundu, kupima galaksi moja ni sawa na kuuliza mtu mmoja aliyesimama chini ya paa la makuti kama ndani kuna mwanga. Ukiuliza watu mia, jibu linaanza kuwa na maana. Kwa anayetaka kujua *kiasi gani*, sijaona njia iliyo bora kuliko hii.

Lakini ina mitego, na mmoja umewanasa watu wazima na akili zao. Galaksi nyingine, iliyo karibu zaidi na isiyohusika kabisa, inaweza kuwa imekaa karibu na mstari uleule wa macho. Mwanga wake wa kawaida wa nanomita 350 unaingia kwenye kipimo chako na kujifanya mionzi iliyotoroka. Kutoka ardhini hutazitenganisha. Zinaonekana doa moja. Galaksi za Keck zilipotazamwa tena kwa picha kali za Hubble na kikundi cha Anthony Pahl mwaka 2021, zile zenye jirani wa kughushi zikaondolewa, na wastani ukashuka kutoka asilimia 9 hadi 6 hivi. Theluthi moja ya jibu ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa hiyo ukisoma tangazo lolote la galaksi ya mbali inayovuja, swali lako la kwanza liwe: je, picha kali ya darubini ya anga ipo? Kama haipo, lishikilie kwa vidole viwili.

Mtego wa pili ni gesi ya njiani. Kwenye mhamo wa 3, zaidi ya nusu ya mionzi kwa wastani inamezwa na haidrojeni iliyotawanyika kati ya galaksi, na kiasi hicho kinabadilika sana kati ya mstari mmoja wa macho na mwingine. Kupata kiwango halisi unagawanya kipimo chako kwa wastani wa kiasi kinachopenya njiani, wala hujui njia ya galaksi yako mahususi ilikuwaje. Kadiri unavyokwenda mbali, hali inazidi kuwa mbaya. Galaksi iitwayo Ion3, yenye mhamo wa 4.0, iko karibu na ukingo wa kile kinachowezekana. Kwenye mhamo wa 7, mpaka ungeonekana kwenye nanomita 730, rangi nyekundu ambayo darubini ya James Webb inaiona bila shida. Ila hakuna kinachofika. Njia imekula chote.

Uchunguzi uitwao LACES, uliochapishwa mwaka 2019, unaonyesha utajiri wa njia hii na ugumu wake kwa pamoja. Galaksi 61 za mhamo wa 3.1 zilipigwa picha na Hubble. Kumi na mbili zilionekana zikivuja kwa nguvu, asilimia 15 hadi 60. Zilizobaki zilipowekwa pamoja kama picha moja, hazikuonyesha hata nusu ya asilimia. Karibu zote zilikuwa za aina moja, zikifanana kwa mistari yao. Kwa nini basi ziwe za kuvuja au za kufunga, bila katikati? Kwangu mimi hiki ni kidole kinachoelekeza kwenye matundu: kumi na mbili zilitugeuzia tundu, zilizobaki zilitugeuzia ukuta.

Na kuna galaksi moja inayostahili kutajwa peke yake. Kwenye kundinyota la Apus, ambalo kutoka Dar es Salaam huonekana chini karibu na upeo wa kusini, liko fungu zito la galaksi ambalo mvutano wake unapinda mwanga kama lenzi. Nyuma yake kabisa, mwanga wake ukiwa umesafiri karibu miaka bilioni 11, ipo galaksi iliyovutwa na lenzi hiyo ikawa tao refu liitwalo Sunburst Arc. Mwaka 2019 Emil Rivera-Thorsen na wenzake walionyesha kwamba mionzi ayonisha inatoka kwenye eneo moja dogo la galaksi hiyo, na lenzi imelirudia eneo hilo mara 12. Picha kumi na mbili za tundu moja! Maeneo mengine ya galaksi ileile hayavujishi. Tena mstari wa haidrojeni wa nanomita 121.6, uitwao Lyman-alfa, una vilele vitatu, na cha katikati kimekaa palepale ambapo gesi nzito ingekuwa imeufuta mwanga wote. Maana yake kuna njia iliyo wazi kabisa. Sijaona ushahidi mwingine wa paa lililotoboka ulio safi kama huu. Ila ni galaksi moja, na huwezi kujenga wastani juu ya bahati.

Kati ya mhamo wa 0.4 na 2.4 au zaidi kuna pengo. Ardhini angahewa inazuia, na Hubble haijakusanya mengi. Setilaiti ya India iitwayo AstroSat, iliyorushwa mwaka 2015, iliingia humo kwa darubini yenye upana wa sentimita 38 tu, na mwaka 2020 kikundi cha Kanak Saha kikatangaza galaksi inayovuja kwenye mhamo wa 1.42. Hubble ina kioo cha mita 2.4. Chombo kidogo kilichoingia kwenye pengo ambalo wakubwa hawajalitazama sana kilileta kitu kipya kabisa, na wanafunzi wa nchi zisizo na vyombo vikubwa wana haki ya kulijua hilo.

Njia ya tatu: dalili

Kama mionzi yenyewe haiwezi kutufikia kutoka enzi ile, inabidi tuisome kwenye alama inazoziacha. Njia hii ndiyo inayotumika zaidi tangu James Webb ilipoanza kazi mwaka 2022, na ndiyo ninayoiona ikitumiwa vibaya zaidi.

Dalili ziko nyingi. Mstari wa Lyman-alfa mara nyingi huwa na vilele viwili. Gesi ikiwa nyepesi, vilele vinasogeleana, na umbali kati yao (ambao hupimwa kama tofauti ya kasi) wa chini ya kilomita 300 kwa sekunde hivi ni ishara nzuri ya uvujaji. Uwiano wa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili dhidi ya iliyopoteza moja ukiwa mkubwa, huenda gesi imezidiwa, ile ndoo ya mchanga uliolowa. Mwanga wa urujuanimno ukiwa wa buluu sana, vumbi ni kidogo. Mistari ya magnesi kwenye nanomita 280 inapenya tu pale ambapo haidrojeni ni haba.

Zipi za kuaminiwa? Kulijibu hilo, Sophia Flury na wenzake walichapisha mwaka 2022 matokeo ya uchunguzi mpana wa Hubble wa galaksi 66 za jirani, na kati yake 35 zilionekana zikivuja. Hapo dalili zote zikawekwa kwenye mizani mbele ya mionzi halisi. Umbali wa vilele vya Lyman-alfa ulisimama imara. Uwiano wa oksijeni, uliokuwa kipenzi cha wengi, ulitawanyika: galaksi zinazovuja sana zina uwiano mkubwa, lakini zenye uwiano mkubwa si zote zinavuja. Ni kama moshi na ubwabwa. Pasipo moshi jikoni hapapikwi, lakini moshi peke yake haukuambii kama ubwabwa umeiva. Na sababu inaeleweka ukikumbuka yale mambo mawili ya mwanzo: uwiano wa oksijeni unaeleza hali ya gesi yote, wala haujui tundu limeelekea upande gani.

Bahati mbaya, dalili iliyo imara ndiyo isiyosafiri. Kwenye mhamo wa 6 na kuendelea, kilele cha buluu cha Lyman-alfa humezwa na haidrojeni ya njiani, kikabaki kimoja. Zipo chache zilizoponea, kama COLA1 yenye mhamo wa 6.6, nazo ni za kuhesabu kwa vidole. Inayosafiri vizuri ni oksijeni: mstari wa nanomita 500.7 kwenye mhamo wa 7 unaonekana kwenye mikromita 4, katikati ya uwezo wa James Webb. Rangi ya urujuanimno nayo inasafiri. Kwa hiyo tunalazimika kutumia vile vilivyo dhaifu, na tiba ni kuvitumia kwa pamoja. Anne Jaskot na wenzake walifanya hivyo mwaka 2024 kwa mbinu ya takwimu ambayo watafiti wa tiba huitumia kukadiria muda wa kuishi wa wagonjwa. Inafaa kwa sababu inaheshimu hata galaksi ambazo mionzi haikuonekana. Haizitupi, inasema tu "chini ya kiasi hiki". Ukiona andiko linalotoa kiwango cha uvujaji cha galaksi ya kale kwa dalili moja, tena kwa tarakimu mbili baada ya nukta, rudi nyuma hatua moja.

Kuna jambo jingine linaloifanya njia hii iwe na joto sasa. Mwaka 2024 Hakim Atek na wenzake walitumia lenzi ya fungu la galaksi liitwalo Abell 2744 kuzitazama galaksi hafifu nane za enzi ile. Walikuta zinazalisha fotoni ayonisha takriban mara nne ya zilizodhaniwa. Ikiwa ndivyo, asilimia 5 tu ya uvujaji ingetosha. Mwaka huohuo Julian Muñoz na wenzake wakafanya hesabu ya pamoja wakaonyesha shida ya kinyume: ukichukua uzalishaji huo na uvujaji unaokadiriwa kwa dalili, fotoni zinazidi, na ulimwengu ungemaliza kuayonishwa mapema kuliko vipimo vya Planck vinavyoruhusu. Miaka kumi iliyopita tulihangaika fotoni zitatoka wapi. Sasa zimekuwa nyingi mno, na kiwango cha uvujaji ndicho namba iliyo legevu kuliko zote katika hesabu hiyo.

Njia ya nne: uigaji wa kompyuta

Hapa nitapita haraka, kwa sababu si njia ya kuanzia kwa mtu aliye peke yake. Miradi kama SPHINX, FIRE na THESAN huunda galaksi ndani ya kompyuta na kufuatilia fotoni zikitoka pande zote kwa wakati mmoja, kitu ambacho hakuna darubini itakayokifanya kamwe. Funzo lao kubwa ni la wakati. Galaksi moja inaweza kuwa imefunga leo, na baada ya miaka milioni chache ikavuja kwa makumi ya asilimia, kisha ikafunga tena.

Siri iko kwenye ratiba. Nyota kubwa kupita zote hulipuka baada ya miaka milioni 3 hivi, na milipuko ndiyo inayotoboa gesi. Lakini nyota hizohizo ndizo zilizokuwa zikitoa fotoni nyingi. Mlango unafunguka wakati wenye nyumba wanakufa. Kinachookoa ni nyota pacha: zinapobadilishana gesi huendelea kutoa mionzi ayonisha kwa muda mrefu zaidi, na matundu yanapokuwa tayari bado kuna kitu cha kutoka. Udhaifu wa uigaji ni kwamba gesi iliyo karibu kabisa na nyota, pale mionzi inapoamuliwa hatima, ni ndogo kuliko chembe ndogo ambazo kompyuta nyingi zinaweza kuzichora. Kinachoingizwa kwa kukadiria hapo kinaamua jibu.

Basi uchague ipi?

Kama swali lako ni *vipi* mionzi inatoka, chukua jirani. Kama ni *kiasi gani* kwa wastani, nenda mhamo wa 3, na usikubali galaksi isiyo na picha kali. Kama ni *nani* aliyeuayonisha ulimwengu, huna budi kutumia dalili, lakini zijaribu kwanza kwenye galaksi za jirani ambako jibu linajulikana. Uigaji uchukue ikiwa umepata kikundi chenye kompyuta kubwa na msimamizi anayezijua.

Kwa mwanafunzi niliyemfikiria tangu mwanzo, jibu langu halina kigugumizi: anza na jirani. Data za Hubble zimewekwa wazi kwa yeyote kwenye hifadhi iitwayo MAST, iliyoko Baltimore nchini Marekani. Unapakua bila malipo wala barua ya utambulisho. Spektra za Sloan (mwanga uliotandazwa kwa urefu wa wimbi), zenye mistari ya oksijeni na sulfuri za galaksi hizohizo, nazo ziko wazi. Mafaili ya spektra ni madogo ukilinganisha na picha. Hata mtandao wa simu unayamudu.

Fungua spektra ya J0925+1403 kwanza. Ukitazama kwenye nanomita 121.6 utaona mlima mkubwa wa mwanga. Usishangilie, ni haidrojeni ya juu kabisa ya angahewa ya dunia yetu inayong'aa, na kwenye 130 utakuta oksijeni yetu ikifanya vivyo hivyo. Lyman-alfa ya galaksi iko kulia zaidi, kwenye 158. Kisha sogea kushoto, pita ule mlima wa dunia, uvuke 118.6. Fotoni huko ni chache kiasi kwamba kelele za chombo chenyewe zinashindana nazo, na sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa kuzitoa kelele hizo kwa uangalifu bila kuitoa na mionzi. Kinachobaki juu ya sifuri baada ya hapo ndicho kilichoponyoka.